Wingu tumelipata, chemchemi hatuioni

SWALI: Tuko melini tukitafuta chemchemi za majimoto kwenye sakafu ya bahari. Kipimo cha ukungu wa maji kilipanda ghafla mita 250 juu ya sakafu. Tukashusha kamera papo hapo, tukaambulia mawe na matope. Kasoro iko wapi?

JIBU: Vipimo vyenu ni sahihi, ila mmeshuka mahali sipo. Maji ya chemchemi nyeusi, zile zitoazo moshi mweusi, hufikia nyuzi 350 za Selsiasi na zaidi, kwa hiyo ni mepesi na hupaa. Njiani huchanganyika na maji baridi hadi uzito wao ulingane na wa maji yanayoyazunguka, aghalabu mita 100 hadi 300 juu ya sakafu. Hapo hutanda na kubebwa na mkondo kilomita nyingi. Mlichokuta ni wingu lililo safarini.

Joto lisiwahadae. Likifika huko juu, wingu limezimuliwa kiasi cha mara 10,000, na tofauti inayobaki ni ya sehemu za mia za nyuzi moja. Katika Atlantiki wingu huweza hata kuwa la baridi kuliko maji jirani yenye uzito uleule!

Mimi ningetazama kwanza sensa ya redoksi, yaani ile inayohisi kemikali zinazoitikia oksijeni majini. Manganizi hudumu majini muda mrefu, na heliamu-3 (aina adimu ya gesi ya heliamu) ya Pasifiki Mashariki imefuatwa maelfu ya kilomita kutoka ilikotokea. Ni ushahidi mzuri kwamba chemchemi ipo, lakini haukuonyeshi mlango. Hidrojeni salfaidi na chuma kilichoyeyuka, kinyume chake, huharibiwa mapema na oksijeni. Redoksi ikiporomoka, jueni chanzo ki karibu. Fungueni tena mchoro wenu: kama ukungu ni kilima kipana, laini, na redoksi imetulia, wingu hilo limezeeka. Kama mstari una menomeno na redoksi imeanguka wima, mko jirani. Wekeni alama pale anguko linapoanza, kwa sababu sensa hii huanguka upesi na kurudi polepole. Ukisoma sehemu ya chini kabisa, umeshapapita.

Halafu kuna hili ambalo wengi hulisahau: meli ilipo sipo mitambo ilipo. Kebo ya kilomita tatu ikivutwa huachwa nyuma mamia ya mita. Fungeni kifaa cha kupimia mahali kwa mawimbi ya sauti kwenye fremu ya mitambo yenyewe. Kisha vuteni mitambo taratibu, chini ya kilomita 2 kwa saa, huku winchi ikiipandisha na kuishusha ndani ya wingu, na njia mnazopita zikatane. Pimeni pia mkondo wa kinani, maana mawimbi ya kupwa na kujaa huugeuza kila baada ya saa chache, na “juu ya mkondo” ya asubuhi si ya jioni.

Mkiwa na roboti inayojiendesha, ipite kwanza ndani ya wingu, kisha mita 50 hivi juu ya sakafu ikichora ramani, mwisho mita 5 ikipiga picha. Kamera ndiyo ya mwisho.

Tena, ukungu ukikosekana msiondoke haraka. Lost City, eneo la chemchemi lililogunduliwa mwaka 2000 katika Atlantiki, hutoa maji ya nyuzi 40 hadi 90 yasiyo na moshi mweusi. Mahali kama hapo kipimo cha ukungu hunyamaza, na mtategemea methani na redoksi.