Hiyo ndoo haina maji

Wadogo zangu mnaoanza kusomea ngoma hapa Bagamoyo, kabla hamjauliza muanze na mtindo gani, nendeni ufukweni, soko la samaki, mkae mtazame. Simu iacheni mfukoni. Picha itawaonyesha mkono ulivyokwenda, lakini uzito wa mtu haiuonyeshi, na kazi yetu imo kwenye uzito.

Mimi nilichelewa kulijua hilo. Mwaka wangu wa kwanza nilitunga kipande cha mtu anayetoka kuteka maji. Ndoo tupu kichwani, kiuno kinazunguka, mikono inapepea, najiona nimepatia. Bibi mmoja jirani alikuja kututazama, akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, hiyo ndoo haina maji." Shingo yangu ndiyo iliyomwambia. Kesho yake nilijaza ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji, nikajitwika kutoka bombani hadi nyumbani. Shingo ilinyooka yenyewe, macho yakatulia mbele, kiuno kikaacha madoido kikashika kazi: kila hatua nyonga inaupokea mtikisiko, maji yasimwagike. Mzunguko ule mdogo hakuna aliyenifundisha. Ndio niliorudi nao mazoezini.

Sasa huko sokoni, mtazameni mchukuzi anayeshusha tenga la samaki kutoka kwenye boti. Maji yakiwa kiunoni hanyanyui miguu. Anaburuta nyayo mchangani, maana huenda samaki taa amejilaza pale na mwiba wake. Wimbi likija mgongoni anasimama, analegeza magoti, analiacha lipite, ndipo anaendelea. Hatua, hatua, kimya, hatua. Hesabuni kimya hicho. Hakilingani, na hapo ndipo utamu ulipo. Nimeona wanafunzi wazuri sana wakikiua kwa kukilazimisha kiingie kwenye mapigo manne.

Wazee wetu walishaijua njia hii. Bugobogobo ya Wasukuma ni kilimo kilichogeuka ngoma, na majembe yenyewe yamo uwanjani. Nako Marekani, mwaka 1967, mtunzi wa dansi Steve Paxton aliwapandisha jukwaani watu wengi wakatembea, wakasimama, wakakaa kwenye viti, basi. Kila mmoja kwa mwendo wake wa kila siku. Mkisikia mtu anasema kutembea si kucheza, mpeni mfano huo, au mpelekeni tu sokoni.

Jambo moja linaniuma nikiliona: mwanafunzi anamwiga mama muuza samaki ili watu wacheke. Mama yule amekesha. Ukimtazama kwa heshima utaona anavyohamishia uzito mguu wa kushoto kila anapogeuza samaki kwenye karai, ili uso uepuke mafuta yanayoruka. Msalimie, nunua samaki, mweleze unajifunza nini. Akikataa kutazamwa, ondoka.

Mkishaona vya kutosha, ombeni kubeba. Kisha darasani liondoeni tenga, mbakize uzito wake, mtembee hatua tatu tu. Mimi hizo tatu zilinichukua wiki nzima. Ukijikuta unayumba wimbi halijafika, rudi tena ufukweni, na uwahi alfajiri. Jua likishapanda, boti zimeshashushwa.