Jibu: Philips ilivyolinda mali zake za nje, 1940
Salaam ndugu. Umeuliza Philips, kampuni ya Uholanzi ya vifaa vya umeme, ilibakije na mali Marekani ilhali Eindhoven, mji wa makao yake, imeshikwa na Wajerumani. Kwanza angalia makao ya kisheria: yalihamishiwa Curaçao, kisiwa cha Karibi kilichokuwa chini ya Uholanzi, Mei 1940, Uholanzi ilipovamiwa. Halafu wadhamini, yaani wanaoshika mali kwa niaba ya mwingine: mali za Marekani ziliwekwa chini ya Hartford National Bank, benki ya Marekani. Hapo ndipo penye uzito, kwa sababu saini iliyotolewa Eindhoven mbele ya msimamizi wa Kijerumani haikuwa na nguvu juu ya mali hizo.

Ila karatasi hazihamishi mashine wala wafanyakazi. Frits Philips, mkurugenzi wa familia ya waanzilishi, alibaki nao Eindhoven, na mwaka 1943, baada ya mgomo kiwandani, akafungwa Vught, kambi ya mateso ya Wajerumani nchini Uholanzi. Tena 6 Desemba 1942 ndege za Uingereza zilikuwa zimeshakipiga mabomu kiwanda chenyewe.