Hayati si cheo

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Baba yetu, ambaye naye alikuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu, alifariki dunia mwaka jana, nasi tukaandika "Hayati Mwalimu" mbele ya jina lake kwenye ratiba ya mazishi. Mshereheshaji alitutaka turekebishe, akisema kwamba hayati ni ya marais na viongozi wa kitaifa, na kwamba mtu wa kawaida ni marehemu. Sasa tunajengea kaburi na tunataka maandishi yawe sahihi. Je, alikuwa na haki? Pia, kaka yangu anasema mwendazake ni neno la kejeli. Ni kweli?

JIBU: Pole kwa msiba, mwalimu. Mshereheshaji wenu alikosea, na amekosea pamoja na wengi. Baba yenu ni hayati kama alivyo marehemu, kwa kuwa maneno yote mawili humtaja mtu aliyekwisha kufa kwa heshima, na hakuna kanuni ya sarufi wala ya adabu inayompa mmoja neno hili na kumwachia mwenzake lile. Nafasi iliyobaki nitaitumia zaidi kuupinga mgawanyo huo wa wafu kwa madaraja, kwa sababu naona unazidi kukita mizizi kwenye magazeti, redioni na katika ratiba za mazishi, na kwa sababu unawakuta watu wakati hawana nguvu ya kubishana.

Asili ya maneno haimsaidii mshereheshaji hata kidogo. Marehemu latokana na neno la Kiarabu marhum, yaani aliyerehemewa, ndugu wa rehema, na anayelitamka kwa kulijua maana anamwombea aliyekufa huruma ya Mungu. Hayati latokana na hayat, yaani uhai, na ni wa ukoo mmoja na hai. Waarabu hawamwiti mfu kwa neno hilo la pili. Ni Kiswahili kilicholipa kazi hiyo, nami sina ugomvi nalo. Lakini anayetaka kupima uzito kwa asili atakuta kwamba marehemu ndilo lenye dua ndani yake. Nchini Malaysia, neno hilohilo la Kiarabu, kwa umbo la Almarhum, limetengewa masultani na watu wa nyumba za kifalme, na Mwislamu wa kawaida akifa huitwa Allahyarham. Neno mliloambiwa kuwa ndilo linalomfaa mzee wa kijijini, kwa wenzetu wa huko ni la wafalme.

Tofauti ya kweli kati ya maneno haya ipo, nayo ni ya kisarufi. Marehemu ni nomino inayojitegemea: tunasema mwili wa marehemu, ndugu wa marehemu, wasifu wa marehemu. Hayati hutangulia jina na kwa kawaida halisimami peke yake. Anayesema "mwili wa hayati" anaacha msikilizaji akisubiri jina. Nadhani hapa ndipo upotofu ulipoingilia. Kiongozi akifa, kila mwandishi ana haja ya kulitaja jina lake mara nyingi, basi hayati humfaa. Mtu asiyejulikana akifa, taarifa hutaja "marehemu" na kupita. Watu wakaona hayati likiandamana na majina makubwa, wakadhani linatoka kwenye ukubwa, kumbe linatoka kwenye jina.

Sikilizeni wasifu unavyosomwa misibani. Marehemu alizaliwa mwaka fulani. Marehemu alisoma shule fulani. Marehemu aliajiriwa, marehemu alifunga ndoa, marehemu alijaliwa watoto sita. Kurasa mbili nzima zinakwisha, na jina la mtu limetajwa mara moja tu pale juu. Mkubwa akifa hubaki na jina na vyeo vyake vyote. Mdogo hunyang'anywa hata jina alilopewa na wazazi wake, akabaki kuwa marehemu tu, mbele ya jeneza lake mwenyewe. Ninyi mlipoandika hayati mbele ya jina la baba yenu mlilazimika kuliandika jina, na hilo peke yake lilikuwa jambo jema. Aliyewafutia aliharibu kilichokuwa sawa.

Sasa tuijaribu kanuni yake. Februari 17, 2021, Watanzania walipata misiba miwili mikubwa kwa siku moja: Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mwezi mmoja kamili baadaye, Machi 17, akafariki Rais John Magufuli. Anayeshikilia kwamba hayati ni ya viongozi wa kitaifa na atuonyeshe mpaka wake uko wapi. Rais yumo. Makamu wa Kwanza yumo. Katibu Mkuu Kiongozi, ambaye ni mtumishi wa umma asiyepigiwa kura, yumo au hayumo? Akiwamo, mkuu wa mkoa je? Mkuu wa wilaya? Diwani aliyeihudumia kata yake mpaka akazeekea humo? Neno linalohitaji orodha ya itifaki ya serikali ili mtu ajue alitumie kwa nani si neno tena, ni kiti cha jukwaa kuu.

Mfano unaoniudhi kuliko yote ni wa ajali. Aprili 18, 2024, helikopta ya jeshi la Kenya ilianguka eneo la Sindar, kaunti ya Elgeyo Marakwet, ikiwa na watu 12. Kumi kati yao walikufa, akiwamo Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla. Mtu akiifuata kanuni ya mshereheshaji, habari hiyo itabidi aiandike hivi: "Hayati Jenerali Ogolla na marehemu wengine tisa." Isomeni taratibu. Neno "wengine" haliwezi kukaa hapo mpaka wa kwanza awe wa aina moja na wanaofuata. Hatusemi "mbuzi mmoja na ng'ombe wengine tisa". Kwa hiyo ama jenerali naye ni marehemu, na kanuni imejifia yenyewe ndani ya sentensi, ama wale tisa nao ni hayati, na imekufa vilevile. Mwandishi akiona tatizo hilo na kuliondoa "wengine", atabaki na "Hayati Jenerali Ogolla na marehemu tisa", sentensi inayowatenga askari waliopanda chombo kimoja, wakaanguka pamoja, wakafa katika ajali ile ile. Sijui ni adabu gani hiyo. Na huyo anayetukuzwa kwa sentensi hiyo alikuwa ameusia azikwe ndani ya saa 72 na bila jeneza, na hivyo ndivyo alivyozikwa, Aprili 21, nyumbani kwao Siaya. Mwenye cheo cha juu kuliko wote jeshini alitaka kwenda ardhini kama mtu yeyote, halafu sisi wa kalamu tunamrudishia cheo kwa mlango wa nyuma na kuwapokonya wenzake. Sentensi sahihi ipo na ni nyepesi: "Jenerali Ogolla na wenzake tisa waliokufa katika ajali hiyo." Haina hayati, haina marehemu, na haimdhalilishi mtu.

Wala kanuni hiyo haina pa kuwaweka watu wa lugha yenyewe. Euphrase Kezilahabi alifariki Januari 9, 2020. Ken Walibora alifuata Aprili ya mwaka huo huo, baada ya kugongwa na matatu jijini Nairobi. Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake redioni iliwalea Wakenya wa vizazi kadhaa, aliondoka Februari 7, 2025. Hakuna kati yao aliyekuwa rais wala waziri. Mwanafunzi anayesoma ushairi huru wa Kiswahili anamwona Kezilahabi kila anapofungua ukurasa, na sidhani kama yupo mhariri atakayethubutu kuniambia kwamba huyu hastahili hayati. Lakini akinikubalia Kezilahabi, amekwisha kuivunja ile hoja ya uongozi, na amebaki na umaarufu. Nao umaarufu hauna kipimo. Baba yenu alikuwa maarufu sana kwa watu aliowafundisha kusoma.

Kuna na tawi la ugonjwa huo huo, nalo ni "Hayati Rais Mstaafu". Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofariki dunia Februari 29, 2024, akazikwa Mangapwani, Unguja, maneno hayo yalisikika kila mahali. Mstaafu ni mtu aliye hai, aliyeacha kazi na sasa anapumzika. Anapata pensheni, anaalikwa kwenye sherehe, anaombwa ushauri. Kifo kinaukomesha ustaafu kama kinavyoikomesha kazi. Inatosha kusema "hayati Mzee Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Awamu ya Pili". Naye, kama baba yenu, alianza maisha yake ya kazi akiwa mwalimu, kwa hiyo sioni haya yoyote kuwaweka wote wawili chini ya neno moja.

Nakubali kwamba mazoea yana nguvu. Hayati Mwalimu Nyerere imekwisha kuwa kama jina lake la tatu tangu Oktoba 1999, na mtu atakayeanza leo kusema marehemu Nyerere atasikika kama anayemshusha, ingawa hamshushi. Siwezi kuliondoa hilo, wala sitaki. Anayependa kuwatajia viongozi hayati na aendelee, mradi asifanye pendeleo lake kuwa sheria na kuipeleka kwenye misiba ya watu. Ningeomba tu alitumie mara moja mwanzoni mwa habari, kwa herufi ndogo katikati ya sentensi, kisha aliache jina lijibebe. Na waliokufa zamani hawalihitaji kabisa. Hatuandiki hayati Mkwawa.

Kwenye kaburi, basi, andikeni mnavyoona: "Hayati Mwalimu" na jina lake, au "Hapa amelazwa marehemu" na jina lake. Yote ni Kiswahili safi. Nisingeandika "Hayati Marehemu", kama nilivyokwisha kuona kwenye mabango, kwa sababu ni kusema jambo moja mara mbili.

Kuhusu mwendazake, kaka yako ana sababu, ingawa neno lenyewe halina hatia. Limeundwa kutoka kwenye "kwenda zake", na wingi wake ni wendazao: mtu aliyeondoka, akashika njia yake. Magazeti na redio za Kenya hulitumia kila siku bila ubaya wowote, kwa mkubwa na mdogo. Lilitumika kwa Mzee Moi alipofariki Februari 2020 na kwa Mzee Kibaki mwaka 2022, na hakuna aliyelalamika. Tanzania ndiko lilikotiwa doa. Baada ya Machi 2021, baadhi ya watu wasiotaka kulitamka jina la Magufuli walianza kumwita mwendazake, wengine kwa ubezi wa wazi, nao waliompenda wakalipokea kama tusi na kukazania hayati kumjibu. Tangu hapo neno hilo la upole likawa alama ya kambi, na hata mtu anayelitumia kwa nia njema huulizwa yuko upande gani. Nasikitika, kwa kuwa tumejinyima neno lililoundwa na Kiswahili chenyewe, lisilo na cheo ndani yake, ambalo lingetutoa kwenye huu ugomvi wa hayati na marehemu. Naamini litasafika, kwa sababu upande wa pili wa mpaka bado ni safi na watu wanasikilizana. Lakini halijasafika bado, kwa hiyo kwenye kibao cha baba yenu msiliandike. Mpita njia wa Morogoro atakayelisoma leo atawaza siasa badala ya kumwaza mwalimu.