Barua kwa mwanangu: kazi ya video anzia mwisho

Mwanangu, voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili maana ya kwanza ilinikuta sokoni, kelele tupu. Nimekuelewa. Umepewa video ya dakika 12 ya wale kinamama wakaanga samaki wa Bagamoyo, na safari hii hushiki kamera, unabeba kazi nzima tangu wazo mpaka mteja apokee, unauliza uanzie wapi. Hongera sana mama, nimefurahi mpaka nimempigia shangazi yako usiku usiku.

Jibu langu ni hili, anzia mwisho.

Kabla hujatafuta mpiga picha wala hujapiga hesabu ya mafuta ya gari, kaa na aliyekupa kazi umuulize vitu viwili: nakukabidhi nini hasa, na nani atasema imeisha. Ni video moja tu ama na vipande vifupi vya kurusha Instagram? Itaonyeshwa ukumbini au watu wataangalia kwenye simu? Maana kama kuna video ya kusimama, ile ya simu, na ya kulala, ile ya skrini pana, mpiga picha lazima ajue tangu siku ya kwanza, ukimwambia baadae utakuta watu wamekatwa vichwa na hamna cha kufanya. Maandishi ya Kiingereza chini wanataka? Nani anatafsiri, analipwa na nani? Yote hayo andika, mtumie, akujibu kwa maandishi.

Hilo la nani anasema imeisha ndo limeniumiza mimi. Kuna taasisi tuliifanyia kazi ya maji vijijini, tukampelekea aliyetupa kazi akaipenda sana, kumbe juu yake kuna bosi, na juu ya bosi kuna kamati, kila mmoja na yake, huyu anataka mziki utolewe yule anataka mkurugenzi aongee mwanzoni. Tulifika toleo la saba. Msimulizi tulimrudisha studio mara tatu na mwediti nikamlipa kwa hela ya mfukoni mwangu, ada yenu ya shule muhula ule ilichelewa kwa sababu hiyo sijawahi kuwaambia. Tangu hapo kwenye mkataba naandika marekebisho ni mara mbili, maoni yanakusanywa na mtu mmoja mwenye jina, ya mara ya tatu yanalipiwa. Na pesa naomba nusu kabla ya kutoka, sehemu nyingine tukimaliza kushuti, iliyobaki siku ya kukabidhi. Usione haya kusema hivyo kwa sababu wewe ni binti na ni mdogo, sema kwa adabu lakini sema.

Halafu wazo. Uliniambia wazo ni "wakaanga samaki", hiyo ni mada tu, mama, bado sio wazo. Tafuta sentensi moja yenye mtu ndani. Mfano, mama anachukua ndoo ya samaki kwa mali kauli alfajiri, tunakaa naye mpaka jioni tuone kama kalipa. Ukishakuwa na hiyo ratiba inajiandika yenyewe, unajua unahitaji mnada, kuparua magamba, kukaanga, wateja, na ule wakati anahesabu noti kwenye khanga. Kisichoingia kwenye sentensi usikishuti hata kama ni kizuri, machweo na mashua hata sisi tunayo ya kutosha kwenye madiski.

Kuhusu siku za kwenda, usipange kwa kalenda ya ofisini peke yake, uliza maji ya bahari. Kila siku saa ya kujaa inasogea mbele kama dakika 50, kwahiyo ukienda kukagua Jumatatu ukayakuta yamejaa saa moja asubuhi, Ijumaa yatajaa kwenye saa nne na kitu, na wewe umeshawaambia watu wawe pale alfajiri. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali kweli na ufukwe unabadilika kabisa. Muulize nahodha yeyote pale atakwambia vizuri. Na masika usiende, Machi mwishoni mpaka Mei mvua itakulia siku na posho za watu ziko palepale. Ndo maana kwenye bajeti tenga asilimia 10 ya dharura usiiguse.

Vibali anza mapema sana. Bodi ya Filamu, serikali ya mtaa, na uongozi wa soko wenyewe. Droni ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, usirushe kwanza ukaomba baadae. Na hao kinamama fomu ya ridhaa uwasomee kwa sauti, uwaeleze video inaenda wapi, asiyetaka muache na asionekane hata kwa nyuma.

Sasa sauti, hapa nakuomba unisikilize kweli kweli. Karai la mafuta likichemka na samaki akitumbukizwa ile chwaaa inameza maneno yote, kwenye simu yako utaona mnasikilizana vizuri lakini ukija kuediti hupati kitu. Mahojiano mfanyie pembeni, mbali na moto, maiki ya kifuani, na mwenye sauti avae hedifoni muda wote. Akishamaliza kuongea rudini kwenye karai mrekodi dakika nzima karai peke yake, mtu asiongee, halafu dakika nyingine ya ukimya wa mahali pale mlipofanyia mahojiano. Mwediti ndo atazibia mapengo na hizo. Watu wanaona ni kupoteza muda, simama palepale mpaka zirekodiwe.

Samaki mtakaokula mlipe. Huyo mama ndo mtaji wake, na akiwaambia chukueni tu lipeni vilevile.

Jioni kabla hamjalala kopi zote ziwe kwenye diski mbili, ya tatu mkipata intaneti nzuri, na diski mbili zisilale begi moja. Kadi ya kamera isifutwe mpaka faili zimefunguliwa zikaonekana zinacheza, sio kuangalia majina tu. Hiyo usimwachie kijana yeyote mwenye usingizi, fanya mwenyewe.

Diski yangu ile nyeusi nimeisafisha nimeifunga na kitenge, kesho asubuhi naipeleka stendi Tanga hapa ije na basi la saa mbili, risiti ya kifurushi nitakupigia picha. Wewe nitumie hiyo sentensi yako moja kabla ya Ijumaa hata kama haijakaa sawa, tuikalie kwa simu.

Mama yako