Maswali na Majibu ya Wasomaji: Daraja la Mtandao Linapokataa Kuvusha

Mwezi huu barua kadhaa zimegusa tatizo moja kwa sura tofauti. Msomaji ameiweka ruta katika hali ya daraja, yaani inakili data kutoka upande mmoja hadi mwingine tu, ili aunganishe kebo na kiungo cha aina nyingine, iwe Wi-Fi, faiba au laini ya simu. Taa zote zinawaka, lakini data haivuki inavyotakiwa. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu chanzo chake huwapotezea mafundi siku nzima, na kwa sababu nyuma yake kuna wanafunzi wanaosubiri kusoma.

Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Iringa. Ruta ya faiba iko katika jengo la utawala, na chumba cha kompyuta kiko ng'ambo ya uwanja, kama mita 80 hivi. Hatukuweza kuchimba mtaro wa kebo, kwa hiyo fundi alifunga ruta ya pili inayopokea Wi-Fi ya ile ya kwanza, akaiweka katika hali ya daraja, kisha akaunganisha kompyuta 12 kwa swichi. Kompyuta mbili tu ndizo zinazopata intaneti. Nyingine zinaonyesha anwani inayoanza na 169.254. Tumebadilisha kebo zote bila mafanikio. Cha ajabu, kompyuta moja nilipoiandikia anwani kwa mkono ilifanya kazi papo hapo. Tatizo ni nini?

Mwalimu, jaribio lako la kuandika anwani kwa mkono ndilo lililofichua tatizo, nalo linaziondolea kebo lawama zote. Anwani ya 169.254 ni ile ambayo kompyuta hujipatia yenyewe baada ya kuomba anwani kwa huduma ya DHCP, inayogawa anwani kwa vifaa vya mtandao, na kukosa jibu. Lakini kompyuta uliyoiandikia mwenyewe inatuma na kupokea kila kitu. Maana yake ni kwamba njia ni nzima, na kinachopotea ni barua ya aina moja tu: jibu la DHCP. Tujiulize kwa nini barua hiyo, na si nyingine, ndiyo inayopotea.

Fikiria barua zinazofika shuleni kwako kwa sanduku la posta. Mzazi anayemwandikia mwanafunzi huandika jina la mwanafunzi, kisha huandika kuwa barua ipitie kwa mkuu wa shule, na chini yake namba ya sanduku. Bila mstari ule wa "kwa kupitia", posta haiwezi kumjua mwanafunzi, kwa sababu hana sanduku lake. Sasa, fremu ya Etheneti, yaani bahasha ya data inayopita kwenye kebo, ina anwani mbili tu za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa), ya mtumaji na ya mpokeaji, na kwenye kebo hizo zinatosha kwa kuwa swichi hujifunza yenyewe nani yuko upande gani. Fremu ya Wi-Fi ina muundo tofauti. Kifaa cha kawaida kinapotuma kwa ruta kuu, huandika anwani tatu: ya ruta inayopokea hewani, yake mwenyewe, na ya mpokeaji wa mwisho. Upande wa ruta kuu mstari wa "kwa kupitia" upo. Upande wa kifaa kinachotuma haupo, kwa sababu waliobuni mpangilio huo walichukulia kwamba nyuma ya simu au kompyuta mpakato hakuna mtu mwingine. Ruta yako ya pili imesajiliwa kwa ruta kuu kama simu moja tu, ilhali nyuma yake kuna kompyuta 12.

Ili kukwepa kizuizi hicho, ruta nyingi za bei nafuu hutumia mbinu ya kubadilisha anwani. Ruta ya pili hufuta MAC ya kompyuta iliyotuma, huweka ya kwake, na hutunza daftari linaloonyesha anwani ipi ya IP, ile inayogawiwa na DHCP au kuandikwa kwa mkono, ni ya kompyuta ipi. Majibu yanaporudi, yote huja kwa MAC ya ruta ya pili, nayo hutazama IP katika daftari na kuyagawa. Ndiyo sababu kompyuta uliyoiandikia anwani ilifanya kazi: ilikuwa na IP ya kuandikwa katika daftari. Kompyuta inayoomba anwani kwa DHCP bado haina IP yoyote. Zaidi ya hapo, MAC yake halisi imeandikwa mara mbili, juu ya bahasha na ndani ya barua yenyewe, na ruta ya pili hubadilisha ile ya juu pekee. Seva ya DHCP huisoma ya ndani na kulielekeza jibu huko, redio ya ruta kuu hutazama orodha ya vifaa vilivyosajiliwa kwake, haioni MAC hiyo, na fremu inatupwa. Kompyuta zako mbili zilizofaulu zina tabia ya kuomba jibu litangazwe kwa wote, jambo ambalo DHCP inaliruhusu kwa alama moja ndogo ndani ya ombi, na tangazo la wote hupokelewa na kila kifaa kilichosajiliwa, ikiwemo ruta yako ya pili.

Hakikisha kabla ya kugusa mpangilio wowote. Fungua orodha ya vifaa katika ruta kuu na utafute ile kompyuta uliyoiandikia anwani. Ukiona IP yake imeambatana na MAC ya ruta ya pili badala ya MAC yake mwenyewe, umethibitisha.

Ugonjwa huu si mgeni. Katika miaka ya 1980 na 1990, ofisi zilizokuwa na mitandao ya Token Ring pamoja na Etheneti ziliteseka vivyo hivyo, kwa kuwa aina hizo mbili ziliandika biti za anwani ya MAC kwa mpangilio uliopinduka. Daraja liliweza kuzigeuza zile za juu ya bahasha, lakini ujumbe wa ARP, unaouliza IP fulani ni ya MAC ipi, hubeba MAC ndani ya barua pia, na daraja lisilofungua barua lilivusha anwani iliyopinduka. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza ndipo nilipoacha kuyatazama matatizo ya daraja kama bahati mbaya ya kifaa fulani. Daraja hunakili fremu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kazi ya kutafsiri lugha mbili za anwani haikuwa yake tangu mwanzo.

Sasa dawa. Iliyo bora ni kuzifanya ruta zote mbili zitumie fremu ya Wi-Fi yenye anwani nne, ambayo ina mstari wa "kwa kupitia" pande zote mbili. Kwenye menyu mara nyingi huitwa WDS. Ni lazima iwashwe pande zote mbili, na kwa kuwa kila kampuni iliitengeneza kwa namna yake, usitarajie ruta za kampuni mbili tofauti zielewane. Ruta mbili zenye programu ya OpenWrt huelewana vizuri. Vifaa vya MikroTik navyo vina hali yao maalumu ya daraja, lakini hufanya kazi baina ya MikroTik na MikroTik tu. Ruta zinazotolewa na watoa huduma wa faiba mara nyingi hazina chaguo hili kabisa. Ikiwa yenu ni ya aina hiyo, msiibadilishe. Nunueni jozi ya redio za nje za kampuni moja, moja iunganishwe kwa kebo na ruta kuu na nyingine na swichi ya chumba cha kompyuta. Ruta kuu haitajua kwamba kuna hewa katikati. Kwa shule yenye mita 80 za uwanja wazi, hili ndilo ningelifanya mimi.

Njia ya pili ni kuacha daraja na kuifanya ruta ya pili ipitishe data kama ruta, yenye mtandao wake na DHCP yake. Ikiwa mtandao wa utawala ni 192.168.1.0, wa chumba cha kompyuta uwe tofauti, kwa mfano 192.168.50.0. Intaneti itapatikana kwa wote siku hiyo hiyo. Utakachopoteza ni kuonana kwa majengo mawili: ofisi haitaweza kufungua mafaili yaliyo katika kompyuta za wanafunzi, na printa ya ofisi haitajitokeza yenyewe kwenye orodha. Walimu wengine wataona hilo ni faida.

Mpaka vifaa vifike, endelea na anwani za mkono kwa kompyuta zilizobaki. Chagua namba zilizo nje ya zile zinazogawiwa na DHCP, na uziandike kwenye daftari, ili kifaa kingine kisije kikapewa namba hiyo hiyo.

Ndugu Mshauri, niko Arusha. Modemu ya mtoa huduma niliiweka katika hali ya daraja ili ruta yangu mwenyewe ipige PPPoE, yaani ijiunge yenyewe na mtoa huduma kwa jina na nenosiri. Intaneti inapatikana na ping, pakiti ya kupima njia, inajibu vizuri, lakini baadhi ya tovuti hazimalizi kufunguka, na barua pepe zenye viambatisho hukwama. Modemu ikirudi kuwa ruta, kila kitu hufunguka.

Ndugu msomaji, hapa anwani hazina kosa; kinachogoma ni ukubwa wa mzigo. Kebo ya Etheneti hubeba pakiti ya baiti 1500. PPPoE, iliyoelezwa rasmi mwaka 1999, huchukua baiti 8 kwa ajili ya vichwa vyake, kwa hiyo zinabaki 1492. Pakiti ndogo kama za ping hupita bila shida. Pakiti kubwa ya baiti 1500 inayotoka kwenye tovuti ya mbali, ikiwa na alama ya kukataza kukatwa vipande, hufika mlangoni mwa kiungo cha PPPoE na kushindwa kuingia. Kifaa kilicho hapo hupaswa kumtaarifu mtumaji kwa ujumbe wa ICMP kwamba apunguze. Tatizo ni kwamba kuna wasimamizi wa mitandao wanaozuia ICMP yote kwa kudhani wanaongeza usalama, hivyo taarifa haifiki, mtumaji anarudia pakiti ile ile, na wewe unatazama ukurasa usioisha kupakia. Binafsi naiona desturi hiyo ya kuzuia ICMP yote kuwa kosa kubwa, kwa sababu anayeumia hana namna ya kujua.

Pima hivi kwenye Windows: tuma ping yenye chaguo la -f, linalokataza kukatwa, na -l 1472. Ikikataliwa, jaribu 1464. Ikipita, umepata ushahidi, maana 1464 ukijumlisha na baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP unapata 1492 kamili. Kisha weka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1492 kwenye kiolesura cha PPPoE katika ruta yako, na uwashe kipengele cha kubana MSS, kiwe 1452 kwa IPv4 au 1432 kwa IPv6. Kipengele hicho huziagiza pande mbili zinazowasiliana, tangu salamu ya kwanza, zisitumiane pakiti kubwa kuliko njia. Modemu yako ilikuwa ikifanya kazi hiyo kimyakimya ilipokuwa ruta. Ulipoifanya daraja, jukumu lilihamia kwako.

Mshauri, asalaam aleikum. Mimi ni mama mwenye nyumba ndogo ya wageni Malindi. Nina ruta mbili zilizounganishwa kwa Wi-Fi kama daraja. Fundi aliongeza kebo kati yake ili kasi iongezeke. Tangu siku hiyo taa zote zinamemeta kwa pamoja na mtandao unakufa baada ya sekunde chache.

Waaleikum salaam, mama. Chomoa kebo hiyo sasa hivi na mtandao utarudi. Fundi ameunda mzunguko: fremu inayotangazwa kwa wote hutoka ruta ya kwanza kwa kebo, hurudi kwa Wi-Fi, hunakiliwa tena na kwenda tena. Pakiti ya IP ina namba inayopungua kila inapopita ruta mpaka ife, lakini fremu ya Etheneti haina namba ya namna hiyo, kwa hiyo huzunguka bila kikomo hadi nafasi yote ijae.

Dawa yake ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa katika kampuni ya Digital. Ni itifaki ya STP, ambayo hutambua njia zilizozidi na kuzifunga mpaka zitakapohitajika. Ruta zako zikiwa nayo, iwashe katika zote mbili. Kwako, hata hivyo, ningezima kiungo cha Wi-Fi kati ya ruta hizo na kubakiza kebo, maana ni imara zaidi na kazi yake tayari umeilipia. Kila ruta iendelee kutoa Wi-Fi kwa wageni.

Ndugu Mshauri, niko Kigoma, nina ruta ya 4G. Niliiweka katika hali ya daraja na kuichomeka kwenye swichi, ili kamera zangu zipate anwani za nje nizione nikiwa safarini. Kifaa kimoja tu ndicho kinachopata anwani.

Ndugu, ruta yako haijaharibika. Kiungo cha 4G hakibebi fremu za Etheneti wala anwani za MAC. Hubeba pakiti za IP zikiwa peke yake, na mtandao wa simu huipa laini yako anwani moja tu ya IPv4. Kinachoitwa daraja kwenye menyu ya ruta ya namna hiyo ni kuikabidhi anwani hiyo moja kwa kifaa kimoja kilicho nyuma yake, yule anayewahi kuomba. Kwa hiyo nyuma ya 4G weka ruta moja, na swichi yenye kamera iwe nyuma ya ruta hiyo. Kabla ya kugharimia chochote, tazama anwani uliyopewa. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, ni anwani inayogawanywa kwa wateja wengi na mtoa huduma, na hakuna mpangilio wowote wa ruta utakaoifanya ifikike kutoka nje. Utahitaji kuomba anwani ya umma, au kuiwekea ruta VPN, yaani njia ya faragha kupitia intaneti, inayoanzia ndani kwenda nje, nawe uingie kwa njia hiyo hiyo ukiwa safarini.