Kingo za kinywe zinapojishona

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nipo kidato cha sita hapa Mahenge, ambako kinywe (grafiti, ile ya kwenye penseli) tunakikanyaga njiani. Nimesikia kwamba kikipashwa moto sana, kingo za matabaka yake hujishona zenyewe, ila mionzi ya elektroni huzuia. Inakuwaje? Na mimi mwenye selotepu tu, naweza kuona nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hicho kinachokupaka weusi vidoleni ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana, kila moja lina unene wa atomu moja, na kutoka tabaka hadi tabaka ni nanomita 0.335. Tabaka moja peke yake ndiyo grafini.

Katikati ya tabaka kila atomu imeshikana na jirani watatu. Ya ukingoni ina wawili, mkono wa tatu unaning'inia. Joto likifika nyuzi 2,000 hivi za Selsiasi, atomu zinapata nguvu ya kusogea, na mikono ya tabaka la juu inashikana na ya tabaka la chini. Umemwona mama akibana manda ya sambusa? Ndivyo, ila hapa pindo linaviringana kama nusu ya bomba. Mwaka 2009 kundi la mwanafizikia Sumio Iijima, Japani, lilionesha kwa picha kingo za aina zote mbili, zilizofungwa na zilizo wazi. (Usijaribu kwenye jiko la mkaa. Penye oksijeni kaboni inaungua tu.)

Mionzi niliijua kwa kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili, nilikaa gizani mbele ya hadubini ya elektroni, nikakoleza miale yake ya elektroni ili nione vizuri. Dakika chache baadaye ukingo niliokuja kuupiga picha ulikuwa umeliwaliwa kama gunzi lililopitiwa na panya. Elektroni za kilovolti 80 haziwezi kung'oa atomu ya katikati ya tabaka zima, lakini ya ukingoni, iliyoshikwa na wawili, inaruka. Kwenye kilovolti 200 hata ya katikati haiponi. Panabaki mapengo, na atomu nyingine zinakwama katikati ya matabaka. Pindo lenye mapengo hivyo litashonwa na nini? Linabaki wazi.

Ninachokipenda mimi ni pale umeme unapopitishwa kwenye kipande hichohicho ukakipasha moto kikiwa chini ya miale. Atomu zinajipanga upya, na ukingo uliochakaa unanyooka. Kundi la chuo cha MIT, Marekani, lenye mwanafizikia Mildred Dresselhaus lilichapisha hilo mwaka 2009. Ukingo hutoka na sura mojawapo kati ya mbili: meno ya msumeno, au vijishimo vinavyofanana na kiti chenye mikono. Kwenye ukanda mwembamba, sura hiyo ndiyo huamua umeme utapitaje.

Sasa selotepu yako. Bandika gamba la kinywe, kunja, bandua, rudia mara kumi hivi, kisha inua kuelekea dirishani. Ukiona vipande vya kijivu vinavyopitisha mwanga kidogo, bado hayo ni matabaka mengi. Endelea kubandua.