Mwili umechoka, au ofisi ndo imechoka?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nafanya kazi saccos moja ya wakulima huku Tukuyu. Tangu bosi mpya aje hatupumui, alianza na sistimu mpya ya kompyuta, hatujaizoea akatuhamisha vitengo, na sasa anasema mwezi ujao malipo yote ya parachichi yaende kwa simu. Usiku silali, moyo unaenda mbio, tumbo linawaka, kichwa nakituliza na diklofenaki karibu kila siku. Mama mkwe anasema nimerogwa kazini, bosi anasema hatupendi mabadiliko. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Tumbo kwanza. Nenda hospitali wakupime, vidonda vya tumbo vingi vinaletwa na bakteria na vingine vinaletwa na dawa za maumivu, hiyo diklofenaki ikiwemo, kwa hiyo tafadhali usiendelee kuimeza hivyo bila daktari kujua.

Sasa hilo lingine. Hujarogwa, na bosi naye kakosea. Mgeni akitoka Dar akafika Mbeya mwezi wa saba, pale mjini ni kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, siku za kwanza anatetemeka, akipanda kilima kidogo anahema, lakini mwache wiki kadhaa, figo zinatoa hormoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu na mwenyewe anazoea. Mwili unayaweza mabadiliko, ila uupe muda.

Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa anafanya utafiti Montreal kule Kanada, aliandika kuhusu panya aliowatesa kwa njia tofauti, wengine baridi, wengine mazoezi ya kupitiliza, wengine dawa, na wote wakaonyesha dalili zilezile, tezi zinazokaa juu ya figo zimekua na tumbo lina vidonda. Akaona mwili unapita hatua tatu, kwanza unashtuka, halafu unakomaa na ile shida, halafu ikiendelea sana nguvu zinaisha.

Hatua ya pili ndo inayowadanganya mabosi, na hapa naomba unielewe vizuri. Ofisini mshtuko kila mtu anauona, umbea unazagaa, watu wananuna. Baadaye kunatulia, mnabaki mpaka saa mbili usiku kurekebisha mahesabu, kazi inaenda, bosi anaona mambo safi anawaletea lingine, kumbe utulivu ule mnaulipia kwa usingizi wenu. Kotisoli, ile hormoni mwili unayoitoa ukiwa na msongo, ambayo usiku ilitakiwa ishuke ulale, kwa mtu mwenye wasiwasi usioisha inaweza kubaki juu. Mkifika hatua ya tatu wazoefu wanaanza kuacha kazi mmoja mmoja, na mkulima wa watu analipwa kilo pungufu.

Kwa hiyo msimwambie bosi hamtaki malipo ya simu, maana mnayataka, yatawapunguzia kubeba hela. Nendeni watatu wanne, usiende peke yako, mbebe daftari la makosa ya mwezi huu, malipo yaliyokosewa na wakulima waliorudi kulalamika, mumwombe hilo la simu lisogee mpaka sistimu iwakae mkononi, na tarehe mkubaliane palepale.

Mama mkwe mwambie unaenda kupima. Majibu ya tumbo yakitoka niandikie.